Moyo Wako Uko Kulia

Mama,

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani na sijavua hata kitenge. Nimekaa hapa Rebero kwenye ile meza ya plastiki uliyoikataa kwa sababu inayumba. Nimeikunjia kadibodi chini ya mguu na bado inayumba, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu.

Nikupe habari kwanza, maana najua ungeniuliza. Chumba chako cha kushonea kule Rwezamenyo kimepata mtu, anauza mawigi. Cherehani nimeileta nyumbani, nimeifunika kwa lile shuka la maua. Mama Zuhura, jirani yako, amekataa kukichukua kile kitambaa alichokuachia umshonee gauni la Idi. Anasema hakuna fundi mwingine atakayempima kiuno na kumtania aondoke anacheka. Kila nikipita ananisalimia, halafu tunaachana hivyo hivyo.

Nimekukasirikia, Mama. Bora nilitoe hili mapema.

Siku ile ulipokwenda hospitali kubwa na kikohozi kisichoisha, daktari aliitazama picha ya kifua chako, akaitazama tena, akakuambia moyo wako uko kulia. Ini limehama, tumbo limehama, kila kitu ndani yako kimekaa kinyume, umezaliwa hivyo na huumwi. Ulirudi na furaha ya mtu aliyepewa cheo. Kuanzia hapo wateja wako hawakupata raha. Unampima mtu bega, unamwambia kwa sauti ya msiba, "Moyo wangu uko kulia." Anakupa pole, anauliza nani amekuliza. Unamwacha akupe pole weee, halafu ndipo unamwonyesha kwa kidole moyo wenyewe ulipo.

Basi maumivu yalipokuja, kwenye kifua upande wa kulia na mkono wa kulia, ukaenda kliniki ndogo ya jirani ukamwambia nesi vilevile. Ungesema "upande", Mama. Neno moja tu, upande. Nesi yule Kiswahili amekiokota ukubwani kama wengi hapa, na kwa Kinyarwanda kulia kwa machozi ni kurira, na mkono wa kulia wana neno lao jingine kabisa. Alichosikia ni machozi. Na katika mji huu, mwanamke wa umri wako akisema moyo wake unalia, hakuna anayemhoji zaidi. Alikushika mkono. "Pore sana mama. Kama moyo iko kurira, tutakutafutia mtu ya kuongea naye."

Ulikuja kunisimulia ukicheka hadi ukakaa chini, eti umepelekwa kwa mshauri wa huzuni, na mshauri mwenyewe mtu mwema, mmeongea habari za kwenu Karagwe na za kaka zako. Nilicheka nawe. Tukapanga Jumatatu twende hospitali kubwa watutolee ile picha ya zamani, maana siku hizi hawakupi karatasi, picha inabaki kwenye kompyuta yao. Jumapili ukaondoka duniani.

Nesi simchukii. Nimejaribu, imeshindikana. Ninayekukasirikia ni wewe na utani wako, na wewe hujibu, kwa hiyo hasira haina pa kutokea. Inazunguka humu ndani pamoja na mimi.

Sasa nikuambie kilichonikalisha hapa.

Unaijua kazi yangu ya pale Sonatubes, ingawa wewe uliwaambia watu kwamba natengeneza kompyuta. Sitengenezi. Tunaifundisha kompyuta kusoma picha za vifua, ili kituo cha afya kisicho na daktari kiwe na cha kukisaidia. Hospitali hutupatia picha za zamani, na kazi yangu ni kuwaficha wenye picha kabla watafiti hawajazigusa. Jina linafutwa, umri unafutwa, maandishi yote yanafutwa. Hata ile herufi ya madini ya risasi ambayo mpiga picha huiweka kando ya kifua, R ya kulia au L ya kushoto, nayo inafutwa, kwa sababu wengine huongeza na herufi za majina yao. Katika mji ambao R na L hubadilishana viti kila mtu anapofungua mdomo, jambo hilo lilikuwa likinichekesha.

Wiki iliyopita ulifika wewe.

Jina lako lilikuwa limeshafutwa, na herufi pia. Lakini mtulinga wako wa kushoto nimeujua, ule mfupa wa begani uliovunjika ulipoanguka na baiskeli Karagwe ukaunga unavyotaka wenyewe, ule uliokuwa ukiiangusha futi yako kila ukiivaa shingoni. Na upande wa kulia, moyo. Niliweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta mbele ya watu, halafu nikajifanya nafuta vumbi.

Nilikwenda kunywa chai. Niliporudi, ulikuwa umegeuzwa. Programu yetu ikiona moyo kulia inadhani picha imeingizwa kinyume, inaigeuza yenyewe. Moyo ulikuwa umehamia kushoto na mtulinga mbovu umehamia kulia, nawe umekuwa mtu kama watu wengine. Nikakurudisha. Mchana ikakugeuza. Kesho yake nikakurudisha tena, ikakugeuza tena. Ndivyo tulivyoshinda wiki nzima, mimi na mashine, tukikuvuta huku na huku.

Ijumaa Aimable akaja mezani kwangu. Ndiye msimamizi wetu, amekulia Kampala na amesomea fizikia. "Kadogo, hii picha iko na nini? Kila siku unaigeuza." Nikamwambia wapo watu wenye moyo kulia. Hakubisha, anajua. Akaniuliza nimejuaje kwamba huyu ni mmoja wao. Akakugeuza mbele yangu, mara hivi, mara vile, taratibu, na ni kweli, Mama, pande zote mbili unakuwa mtu kamili, hakuna daktari atakayekukataa. Akanieleza kwamba miale inapita mwilini na kuacha kivuli, na kivuli hakijui kulia wala kushoto. Herufi ndiyo inayojua. Na herufi tumeifuta ili usijulikane.

Shahidi aliyebaki ni mimi, na mimi nimefungwa mdomo. Ukimtambua mgonjwa, lazima useme papo hapo. Picha yake inafutwa moja kwa moja, nawe unaondolewa kwenye kazi ya picha. Ni sheria nzuri. Nimewafundisha wenzangu sheria hiyo kwa mdomo huu huu. Inamlinda mtu ili jirani yake asijue kwamba ana kifua kikuu. Aliyeitunga hakuwaza kwamba mgonjwa anaweza kuwa mama wa anayefuta.

Nikisema, unafutwa. Nikinyamaza, unabaki, lakini unabaki umegeuzwa, na kesho jioni picha zote zinafungwa kompyuta ianze kujifunza. Itajifunza kwako kwamba moyo haukai kulia kamwe. Halafu siku moja, kwenye kituo fulani, atasimama mtu mwenye mwili kama wako, kifua kimembana. Mashine itamgeuza kwanza ndipo imtazame, na itamwambia hana neno. Wewe angalau ulikosewa na mtu aliyekushika mkono.

Utasema jibu liko wazi, kwa nini sikusema Ijumaa ile ile. Ndiyo, Mama, kwa nini. Kwa sababu kila asubuhi nikifika nakufungua wewe kabla ya kitu kingine chochote. Nina picha zako za kwenye harusi za watu, umevaa mkufu na umekaza uso kama umeitwa polisi. Hizo sizitaki. Humu ndani ndimo nilimokuwa kabla sijazaliwa, na moyo wenyewe ndio huo, naweza kuufuata ukingo wake kwa kidole. Nikisema, siupati tena. Sasa nashuka kwa moto, hizi pikipiki za abiria, hadi Sonatubes kila siku kama mtu anayekwenda kumtazama mfungwa, na jioni napanda Rebero nikijua ni mimi niliyekufungia humo. Sili vizuri. Juzi nilimjibu vibaya Mama Zuhura bila sababu, akaniambia tu, "Haya, mwanangu," na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Wasichana walipokuja kupimwa gauni wamebana tumbo, ulikuwa ukiwaambia mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kuficha maradhi ndiyo ajira yangu, na kilio ninacho tangu ulipoondoka. Leo kanisani wameimba ule wimbo ulioupenda, nikatoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka wamalize.

Nimekata shauri pale pale maegeshoni kwamba kesho nitasema. Sioni raha yoyote, usidhani. Naogopa. Najua watanihamishia kwenye kazi ya kuhesabu viti, na najua Aimable atanitazama kwa huruma, nami huruma ya ofisini siiwezi. Lakini nikishasema kwamba ni wewe, hawataweza tena kuniuliza nimejuaje. Itabidi waizime hiyo tabia ya mashine ya kugeuza watu, na waiache ile herufi mahali pake.

Hasira yangu haijaisha. Huenda itapungua, huenda nitazeeka nayo. Ulale salama, Mama, na unisamehe ikiwa nimekuwa mkali, umenizaa mwenyewe.

Nakuahidi hivi. Ulipofariki, wanawake wa kanisa walikuosha, mimi wakanishikilia mlangoni wakisema sitaweza. Kesho sitakubali kushikiliwa. Wakisema picha ifutwe, nitaomba kidole kiwe changu. Na kabla sijabonyeza nitasimama mbele yao wote, nilitamke jina ambalo kazi yangu ni kulifuta. Nitasema huyu ni Veneranda, ni mama yangu, na hivyo ndivyo alivyokuwa.

Mwanao,
Kadogo