Barafu kwenye Laini ya Pili

Mahajanga, Jumanne, Ramadhani

Nusu iliyo tupu si ya kugawa! Nimelisema hilo leo mpaka koo limenikauka, na saumu juu yake.

Kila seva kwenye kabati letu pale bandarini ina nyaya mbili za umeme, kila mmoja na laini yake. Kila laini naiachia nusu tupu makusudi, ili moja ikikatika nyingine ibebe mzigo wote. Leo nimepima laini ya pili, nikaikuta imejaa. Nikaufuata waya mgeni nyuma ya kabati, ukanipeleka stoo, kwenye friza la Musa, mlinzi wetu. Anagandisha barafu ya futari na kuwagawia watu wa mtaani kwetu, Ampisikina.

"Lakini fundi, laini ilikuwa imekaa tu," akanijibu kwa Kingazija. "Niiache hivyo, na watu wamefunga?"

Laini ya kwanza ingekatika, seva zote zingezima. Nimelichomoa friza, na nimemfokea.

Magharibi mke wangu akaniwekea juisi ya ukwaju, vuguvugu. Nikamuuliza barafu iko wapi.

"Leo Musa hakuleta."