Niliinua Kiti Mbele ya Daktari

Luzira, Kampala
11 Agosti 1975

Mshauri wangu, leo natimiza miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke kwetu Bungoma, Kenya, na naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha. Mimi ni kuli bandarini Port Bell, na mwezi wa tano mlango wa behewa ulinibana mkono wa kulia, vidole vitatu vikavunjika, nikafungwa plasta wiki sita, na ilipotolewa kampuni ikanipeleka kwa daktari wake aandike kama nastahili fidia, lakini mimi niliogopa kwamba nikionekana mbovu nitafukuzwa, na mgeni asiye na kazi siku hizi hana la kumjibu askari akiulizwa anafanya nini hapa, basi daktari alipouliza kama mkono una nguvu nikainua kiti chake hadi juu ya kichwa nikicheka, huku machozi yananilenga, naye akaandika nimepona.

Ukweli ni kwamba vidole havikunji. Hata vifungo vya shati nafungiwa na Mushagalusa, Mkongo ninayekaa naye chumba kimoja, naye hunitania, "Bwana Wanjala, na angekuambia ucheze dansi?"

Sasa Ochola, karani wa kampuni, ameniletea karatasi. "Tia sahihi, bwana, uchukue pesa kidogo na tikiti ya treni. Ukikataa, daktari ameshaandika umepona, rudi kwenye magunia." Karatasi yenyewe inasema sitadai tena lolote. Nimechoka, nataka kwenda kwetu, na mke wangu Nabalayo nimeshamwambia nitafika mwanzoni mwa Septemba. Nitie sahihi?

Wanjala

Ndugu Wanjala,

Pole kwa mkono. Kwa kiti sikupi pole. Ulimdanganya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika ukweli wako, na sasa kampuni imekushika hapo hapo.

Usitie sahihi. Ukishaweka jina lako, hata vidole vikikauka kabisa mwakani hakuna atakayekusikiliza. Wala usiguse magunia. Nenda ofisi ya Leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, asubuhi na kadi yako ya kazi, ufuatane na mwenzako aliyeona mlango ukikubana. Langoni usibishane na askari: salimia, onyesha kadi, pita. Ndani sema wazi kwamba uliinua kiti kwa hofu. Utaona aibu dakika tano, basi. Omba daktari mwingine akupime na aandike mkono umepoteza kiasi gani cha nguvu.

Hapo ndipo utakuwa na la kuchagua. Unaweza kuchukua fidia yote kwa mara moja uende zako, au ukadai fidia na pia kazi nyepesi, kama ya kulinda lango. Ochola hakukutajia hayo kwa sababu hakuajiriwa kukutajia.

Yote haya yatachukua miezi. Mwandikie Nabalayo leo asikungoje Septemba. Akungoje Desemba.