Zamu ya Mama

Shule ya Msingi, Darasa la Tatu,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa kaka,

U hali gani huko uliko? Wifi na watoto wazima? Kile kikohozi cha kitinda mimba kimepoa? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Nakuandikia nikiwa wima, maana madawati yote yamelaliwa.

Mto umerudi kwake, umetuachia matope hadi madirishani. Misaada haikukawia, ila mwamba ngoma huvutia kwake. Wiki ya kwanza kila kikundi kilileta mablanketi, sufuria hakuna. Wengine wakaezeka nyumba iliyojaa matope. Ukuta ukalala, bati nalo likalala juu yake. Nilicheka, kisha nikalia.

Sasa vikundi vinakutana kila asubuhi ofisini kwa mwalimu mkuu, na mpanga zamu ni mimi. Vijana wa mpira wanazoa matope, wakimaliza wanafunga kitambaa chekundu mlangoni. Mafundi wa kujitolea wakikiona wanasimamisha kuta, na watu wa mabati wanafuata. Kazi inakwenda bila kuulizana.

Sasa lile ombi lako, kwamba damu nzito kuliko maji, nimsogeze Mama mbele. Kaka, hapa maji ndiyo yamekuwa mazito. Lakini nilifanya. Mama analala sakafuni, anakohoa, na mawingu yameanza kujikusanya tena. Zamu ilikuwa ya jirani yake, mke wa kinyozi, mwenye mapacha wachanga. Nikamtoa, nikamweka Mama.

Vijana walipofika nyumbani kwake, Mama alikuwa anawasubiri.

"Karibuni wanangu. Hapa si kwangu, kwangu ni pale," akawaonyesha kwa kinyozi.

Wakazoa, wakafunga kitambaa. Mafundi wakafuata kitambaa, mabati yakafuata mafundi. Mimi napata habari, mke wa kinyozi keshaanika nepi kwake!

Nilimjia Mama juu. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Ninyi niliwalea pakavu. Na yeye alee."

Kikaoni nilieleza yote. Walicheka, wakamrudisha Mama nyuma ya foleni, na siwalaumu. Lakini situlii, kaka. Kikohozi chake nakisikia hata nikiwa kwenye bomba la uwanjani. Nimeazima sepetu, kila nikitoka kazini nazoa mwenyewe matope ya kwake. Nimefika usawa wa kitanda, na mawingu hayanisubiri.

Nisalimie wifi, wanangu, na shangazi ukimpigia simu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mama ameniagiza nikuandikie kwamba ameshahamia kwake, ndani pakavu, hakohoi, usijisumbue kuja. Basi, nimeandika kama alivyoniagiza.

Njoo na mabuti.

Wako akupendaye,
dada yako, Chiriku