Simu Yako Haijalia kwa Siku Tatu

Okello, omera, ndugu yangu,

Simu yako haijalia kwa siku tatu. Amesema hivyo mkeo, Mama Akinyi, aliponipigia leo saa nne asubuhi kutoka nyumbani kwenu Homa Bay. Alidhani imeharibika. Haijaharibika. Ni mimi niliyeinyamazisha, na nakuandikia kukueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio, kama ulivyopenda kuelezwa mambo.

Wiki moja baada ya kukuzika, mhariri wa redio yetu alinipa kazi yako ya seva. Alisema nimekaa karibu na meza yako miaka yote, lazima kuna kitu kilichoniingia. Kipo kidogo. Najua waandishi wetu wa mashinani hutuma sauti zao kwenye ile seva ya mtandaoni, kila mmoja kwa akaunti yake, na msimamizi ndiye anayeamua nani afungue folda gani. Najua pia kwamba anayeacha kazi huondolewa papo hapo. Hilo ulilirudia hadi tukachoka: "Akiondoka leo, anatoka leo. Sio kesho."

Basi nilikaa kwenye kiti chako nikapitia orodha. Nikaondoa wawili waliohamia kwingine. Nikambadilishia nywila yule mtangazaji wa michezo, uliyemwambia kwamba yake hata mbuzi wa jirani angeifungua. Jina lako lilikuwa juu kabisa. Nikaliruka. Sikuwa na sababu ya kikazi. Nilisema nitalishughulikia baadaye, na wiki tatu zikapita.

Jumatatu wiki hii nilifungua kwa mara ya kwanza ukurasa ambapo seva huandika kila anayeingia. Ilikuwa imeandika kwamba Okello aliingia asubuhi hiyo saa tatu na dakika kumi, akafungua folda ya Macalder, akasikiliza faili moja, akatoka. Nimeandika habari za vifo kwa miaka mingi. Hapo niliinuka nikaenda kunawa uso.

Unaijua folda hiyo. Ni ya yule mama wa machimbo ya Macalder anayeosha mchanga wa dhahabu kwa karai, aliyetusimulia jinsi shimo lilivyoporomoka na mwenye shimo akawaamuru wote wanyamaze. Alikubali kuongea kwa sharti moja, sauti yake ibadilishwe. Uliibadilisha palepale kwenye kompyuta, ukamsikilizisha kabla hatujaondoka. Alicheka hadi karai likamtoka mkononi. "Huyo ni nani? Anaongea kama beberu!" Sauti yake halisi ikabaki mahali ambapo ni wewe na mimi tu tungeweza kufika. Mwenye shimo bado ni jirani yake. Sauti hiyo ikisikika redioni hata mara moja, mama huyo hana pa kwenda.

Nikaanza kuuliza. Marwa, mwandishi wetu wa Kegonga, alikiri kabla sijamaliza swali. "Mkubwa, mimi si mwizi. Nilikuwa natafuta habari yangu ya mahindi, nikaingia pasipo pangu. Nikasikia mama analia, nikafunga." Nikamuuliza aliingiaje, maana anayetumia akaunti yako lazima aweke namba sita ambazo seva huzituma kwa simu yako. Akashangaa kwamba sijui.

"Si Mama Akinyi hutusomea?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Miaka yote hiyo, mtu akisahau nywila, au mtandao ukisumbua kule kisiwani Mfangano, ulimwazima akaunti yako na nywila yake, ukamsomea namba kwa simu. "Tumia yangu kwanza, tutatengeneza baadaye." Wewe, uliyekuwa mkali kutushinda sote. Hiyo baadaye haikufika. Ulipofariki waliendelea kupiga kwa mazoea, na Mama Akinyi akapokea. Simu alikuwa anaichaji kila siku. Namba zilipoingia, akawasomea. Achieng wa Mfangano alipiga karibu kila asubuhi, na baada ya namba walikaa wakaongea: bei ya samaki wa omena, mafua ya Akinyi, ziwa lilivyochafuka. Hakuna aliyedhani anakosea. Niliyekosea ni mimi. Niliacha funguo za nyumba nzima mlangoni kwa sababu sikutaka kugusa jina lako.

Jumatatu hiyo hiyo niliiondolea akaunti yako ruhusa ya folda zote. Kila mwandishi nikampa nywila mpya, na sasa namba zinaingia kwa simu yake mwenyewe. Achieng alinitumia ujumbe wa sauti: "Ndugu yangu, wewe na sheria zako. Okello hakuwa hivyo." Faili ya Macalder haikupakuliwa wala kutumwa popote. Nimekagua mara mbili. Akaunti yako imebaki jina tupu. Ningeweza kulifuta kutoka hapa Migori kwa dakika moja.

Hayo ndiyo niliyomweleza Mama Akinyi asubuhi. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hivyo hawatapiga tena."

Nikasema namba hazitaingia tena kwa simu hiyo.

"Sikukuuliza namba, shemeji."

Akaendelea. "Usimtoe ukiwa huko, kama mtu aliyefutwa kazi. Njoo umtolee hapa kwake, nikiwa nimeketi. Na hao waliokuwa wakinipigia waje niwaone sura. Huyo Achieng najua homa za watoto wake wote na sijawahi kumwona." Halafu akalia, na mimi nikashika simu mpaka akamaliza.

Nimekubali. Marwa na Achieng nao wamekubali.

Kile kiti chako bado nakikalia ukingoni. Sijui kwa nini nakwambia hilo. Ahadi ninazokupa ni mbili tu, maana sipendi kuahidi nisichoweza kukithibitisha. Sauti ya yule mama wa Macalder haitafunguliwa na mtu asiyehusika maadamu mimi ndiye nashika orodha. Na anayeondoka sitamwacha kwenye orodha eti kwa sababu nampenda. Nitamtoa siku hiyo, kisha niende kuwaona watu wake.

Oriti, kwaheri, Okello. Pumzika, kazi yako iko mikononi mwa watu.

Tunakuja kwako Jumamosi saa nane mchana. Achieng anavuka na boti ya asubuhi, Marwa anatoka Kegonga alfajiri. Mama Akinyi amesema tusile njiani.