Nguruwe wa Chumba cha Nne

Kisongo,
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Anneth ameweka kikombe chini ya bomba sasa hivi, akachuchumaa, akangoja. Bomba halikutoa kitu. Akalichapa kofi, halafu akaniangalia kama mimi ndiye niliyeficha maji. Nimecheka mama, halafu nikaingia ndani nikalia kidogo, ndipo nikatafuta kalamu.

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Sisi huku tunapumua, mtoto hana homa, mimi ni usingizi tu unanikimbia. Simu siku hizi husikii, kila ninachosema unaitikia "eee, eee" hata nikikuuliza swali, kwa hiyo nimempa Emmanuel barua hii akitoka kuuza ndizi sokoni akupandishie.

Mama, vyumba viko vitupu. Vyote vinne. Unajua mimi na Anneth tunakula kodi ya vile vyumba vya uani alivyotuachia mwanao Rodrick, sina kitu kingine, shule yenyewe niliishia la saba. Sasa maji yetu yanapitia kwa shemeji Ludovick, maana marehemu alipovuta bomba walichanga yeye na kaka yake, mita ikaandikwa jina la mkubwa. Tangu msiba shemeji anataka nimwachie vyumba avisimamie, eti mwanamke hajui kudai kodi. Nilikataa. Januari akafunga maji. Wapangaji walibeba ndoo mpaka wakachoka, na walipochoka wakakuta shemeji amemaliza vyumba vyake vinne vipya hapo jirani, vigae chini, maji ndani. Wakahamia kwake wote. Solomoni, yule fundi redio, alipitisha kitanda chake juu ya uzio, hata hakuona haja ya kuzunguka getini.

Nilimfuata shemeji nikamwambia ananinyima chakula cha mtoto wa mdogo wake. Akanijibu, "Shemeji, biashara ni biashara. Maji hayatoshi." Alikuwa anapiga mswaki, mama. Bomba lake liko wazi, maji yanakwenda tu chini mbele yangu.

Mimi si mtu wa kulaani. Sitaki afe. Nataka siku moja aamke akute vyumba vyake havina mtu, azunguke na funguo mkononi kama mimi. Namwomba Mungu anioneshe njia. Wewe ndiye uliyemzaa, mseme kabla sijaiona.

Mwanao,
Ndeshi


Akheri,
17 Machi 2024

Mama Anneth, mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo, mgongo nao upo, tumezoeana. Ng'ombe kazaa dume, ndiyo bahati yangu hiyo. Mbusu huyo mpiga mabomba makofi.

Nilimwita Ludovick, akapanda. Ameniambia bomba limeziba huko chini ardhini na fundi anatafutwa. Nilimtazama, akaanza kuongea habari za mvua. Nikajua. Lakini ni mtu mwenye mvi, nitamchapa na nini? Vile vyumba amekopa benki, anaogopa mpaka halali. Simtetei. Nakueleza tu anaumwa nini.

Njooni mkae huku kwangu. Najua hutakubali, nyumba ya mume wako huwezi kuiacha, hata mimi nisingeiacha. Basi Emmanuel anakushushia vitoto vinne vya nguruwe. Wanakula chochote. Wafungie kwenye chumba kimojawapo mpaka upate mbao za banda, ikifika Krismasi utauza, utasimama. Usilipize kisasi mwanangu. Fuga.

Bibi yake Anneth,
Elinipa


Kisongo,
9 Juni 2024

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo tena na tena. Nakuandikia huku nanuka na sijali. Huko mlimani baridi imeanza? Vaa lile sweta, usiliweke la kanisani tu.

Mama, Mungu alinijibu kupitia kwako na wewe mwenyewe hukujua! Nguruwe wamekuwa wakubwa kama viti. Umesema niwafungie kwenye chumba, nimewafungia. Nimechagua chumba cha nne, kile ambacho dirisha lake linatazama vyumba vya shemeji. Nimetoa vioo ili wanyama wapate hewa. Upepo wa huku unaujua, haupumziki, na unatoka kwangu kwenda kwake. Machicha nachukua kwa mama mmoja anayepika pombe ya mbege, maji ananiletea mama Yiamat na punda wake. Kodi ya vyumba sasa nalipwa na nguruwe.

Juzi Solomoni alikuja kwenye uzio, kitambaa puani.

"Mama Anneth, jamani, sisi ni binadamu."

"Nani amekataa?"

"Tunashindwa kula."

"Pole baba. Si una maji ndani? Nawa uso, hamu itarudi."

"Hamisha basi hao wanyama, hata chumba cha kwanza huko."

"Cha kwanza nimekiweka kwa ajili yako. Siku ukikumbuka njia ya kurudi, kitanda kitapita palepale kilipopita."

Hakurudi, amehamia Ngaramtoni. Amefuatwa na yule mpangaji mwalimu na mke wake. Na jambo jingine, usinikasirikie. Yule dume mkubwa Anneth amempa jina. Mimi sikumfundisha, nilisema mara moja tu kwa hasira na yeye akalishika. Kila jioni anasimama mlangoni na ndoo ya machicha anaita kwa sauti yake yote, "Baba Mkubwa! Baba Mkubwa, njoo ule!" Wiki iliyopita shemeji aliitika. Alisema "Naam mwanangu," akachungulia juu ya uzio anatabasamu, akaona ndoo, akaona anayekuja kula.

Mama, nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni mara ya kwanza kucheka hivyo tangu nimzike Rodrick.

Mwanao,
Ndeshi


Akheri,
30 Juni 2024

Mama Anneth,

Salamu zako nimezipata. Huku ni wazima.

Nilikupa mifugo, sikukupa silaha. Ludovick amekuja akakaa jikoni kwangu kutwa nzima, hakula. Vyumba vyake vinabaki mahame na benki wanampigia simu kila kukicha. Sikumhurumia haraka, nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mwisho akasema atakuja kwako kuomba msamaha kwa jani la isale.

Wewe ni mtoto wa Machame, huwezi kuniambia hujui. Hata kwenu, mtu akikuletea isale mkononi umsamehe, hata awe amekuchomea nyumba. Halikataliwi. Maneno ya maji na vyumba yanafuata baada ya jani, hayatangulii. Jani nimemkatia mimi mwenyewe. Atakuja na mzee Joel wa ukoo ili awepo wa kushuhudia. Vaa vizuri, mfungulie geti, lipokee kwa mikono miwili. Ukimaliza niandikie, niweze kulala.

Mama yako,
Elinipa


Kisongo,
8 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Walikuja. Nakueleza mwenyewe kabla hawajakueleza wao.

Nilivaa vizuri. Nilifungua geti. Mzee Joel akaomba, tukasema amina. Shemeji akapiga goti moja, akanyoosha jani. Nikangoja aseme neno moja tu, maji. Akasema, "Shemeji, tumekoseana." Mama, tumekoseana! Mimi nimemkosea lini? Nilimfungia nani bomba?

Nikalipokea kwa mikono miwili kama ulivyonielekeza. Nikasema asante. Nikatembea nalo mpaka chumba cha nne, wao wananifuata wakidhani nakwenda kuliweka mahali pa heshima. Nikamwita Baba Mkubwa, nikampa. Akalitafuna lote.

Mzee Joel akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Shemeji akaniuliza, "Ndeshi, umefanya nini?"

Nikamwambia, "Jani halikataliwi, sikulikataa. Limepokelewa na Baba Mkubwa. Wewe na yeye mmalizane."

Waliondoka bila kuaga. Usiku ule nililala mpaka asubuhi, mama, mara ya kwanza. Najua utakasirika kidogo. Lakini wewe ni mwanamke, utanielewa.

Mwanao,
Ndeshi


Kisongo,
22 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua nyingine tena na hujajibu hata moja. Unaumwa? Emmanuel anasema huumwi, halafu anaangalia pembeni. Ndizi pia hazishuki. Anneth anauliza bibi amekwenda wapi, namwambia yupo, anasema "mbona haandiki?"

Nilichokiomba nimekipata. Kwa shemeji hakuna mpangaji hata mmoja. Jana nilimwona anazunguka na funguo, anafungua chumba, anachungulia, anafunga. Nilisimama dirishani nikamtazama mpaka akamaliza. Ilikuwa tamu, sikudanganyi.

Ila na kwangu hakuna anayekuja kuulizia chumba. Wakifika kona ya barabara wanavuta hewa, wanageuza. Nguruwe wawili nimewauza, tumekula, tumevaa. Lakini nguruwe hawaulizi nimeamkaje, mama. Wewe ulikuwa unaniuliza.

Niandikie hata kunitukana.

Mwanao,
Ndeshi


Akheri,
6 Oktoba 2024

Ndeshi,

Mimi ni mzima.

Jani lile sikulikata kwenye mpaka wa shamba. Nililikata kichwani pa kaburi la Rodrick, lile isale nililolipanda kwa mkono wangu siku mliyomlaza. Nilidhani likitoka kwake utalipokea hata kama kaka yake hastahili. Sikukuambia, nilitaka ulipokee kwa mila, si kwa machozi. Hapo nilikosea mimi. La nguruwe ni lako.

Sikukukasirikia kidogo.

Ukitaka niwe mama yako tena, utapanda huku na isale lako mkononi, kama kila mtu. La kununua sokoni silitaki. Huku kwangu usikate. Litoke kwa Ludovick, pale kwenye uzio alipopanda masale aliyochukua nyumbani, na akukatie yeye. Akikataa, mtajua wenyewe mtakavyofanya, mimi nimezeeka.

Anneth mwambie bibi yake anamkumbuka kila siku.

Elinipa


Kisongo,
13 Oktoba 2024

Mama, niruhusu nikuite hivyo ndani ya barua hii tu,

Shikamoo. Sikuulizi mgongo, naogopa utanijibu. Nimesoma barua yako nimesimama uani na sikuweza kukaa. Nikaenda chumba cha nne nikamtazama yule dume. Yeye alinitazama tu, anangoja machicha. Ningejua mama. Naapa kwa mtoto huyu, ningejua ningelilaza kifuani.

Yule dume nimemuuza asubuhi yake, na wa mwisho amemfuata. Chumba nimekisugua na majivu, nimekipiga chokaa, nimerudisha vioo. Kwa hiyo usidhani nakuja na maneno matupu.

Halafu nilikwenda kwa shemeji. Miguu yangu ilikuwa inakataa, niliipeleka kwa nguvu. Nilimkuta anapaka rangi mlango ambao hauna mtu wa kuufungua. Nikamwambia naomba jani la isale, nakwenda kwa mama.

Hakuacha kupaka. "La nini? Nguruwe wana njaa?"

Nilistahili.

"Uliniaibisha mbele ya mzee Joel."

"Na wewe ulinifungia maji mbele ya mtoto wa Rodrick."

"Benki wamenipa mpaka mwisho wa mwaka, unajua hilo? Mpaka mwisho wa mwaka halafu wanachukua."

"Mimi hukunipa hata mpaka mwisho wa wiki."

Akaweka brashi chini. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Niliogopa, Ndeshi." Basi, hivyo tu. Hakusema tumekoseana. Akasema nirudi nyumbani, atafikiria. Hiyo ni Alhamisi. Leo Jumapili bado anafikiria, na mimi nimebakia natazama uzio kama mpumbavu.

Mama, nisikudanganye hata ninapoomba msamaha. Wewe nakuomba kwa moyo wote. Yeye bado. Nikiamka usiku bado nampangia mambo. Nimewaza, nikishapata jani lako mkononi nitanunua nguruwe wengine, weusi zaidi, wenye kelele zaidi, niwaweke mpaka benki wachukue kila tofali. Halafu nawaza vyumba vile vinane vyote vina watu, wa kwake na wa kwangu, nguo zimeanikwa kila mahali na watoto wa kucheza na Anneth, na mimi nadai kodi yangu mwenyewe. Nawaza hili, nawaza lile, mchana mmoja. Sijui nitakuja kwako na moyo upi, ila nitakuja, hata kama

Ngoja mama, naitwa. Ni yeye, yuko kwenye uzio na panga. "Mama Anneth! Mama Anneth, njoo hapa!" Namwona kupitia dirishani. Ameshakata. Lakini si jani moja, ameshika mawili, moja la kwako, na hili jingine amelinyoosha kwangu, goti analipeleka chini, na safari hii hakuna nguruwe na hakuna mzee wa kumshuhudia, ni mimi tu na yeye, mama, na nikitoka hapa nita