Tanuri Ukutani kwa Jiko Langu

Shoga, nimemwambia mume wangu, "Ama tanuri hilo litoke stoo, ama nitoke mimi." Unajua alivyonijibu? "Mama watoto, punguza sauti, Baba anafua chuma." Anafua chuma! Ndani ya nyumba yangu!

Ile stoo inayopakana na jiko wameigeuza karakana ya uhunzi. Fuawe, lile chuma la kufulia, wameikalisha juu ya gogo, mvukuto wa kupulizia moto umefungwa chini, na tanuri la mkaa wamelijenga likiegemea ukuta. Nimeugusa ukuta huo upande wa jikoni, mkono nikaurudisha mbio. Wa moto! Na mtungi wa gesi umesimama hapo hapo, shoga. Hapo hapo!

Nikaingia stoo nimefura. Namkuta baba mkwe anavuta mvukuto, jasho linamtiririka. Yule yule ambaye tangu tumzike mama mkwe hajafungua kinywa ila kuomba maji. Akaniangalia, akacheka. "Mwanangu, niletee kisu chako butu nikitie makali."

Amecheka, shoga. Amecheka!

 Mume wangu akaninong'oneza, "Haya, mwambie abomoe." Ningemwambiaje?

Basi nimempelekea kisu. Kisha nimefunga gesi, nimechomoa mpira, nimeubeba mtungi mwenyewe hadi barazani, nikarudi kuchukua na jiko lenyewe la gesi. Sasa hivi nimekaa huku nje nakinga upepo kwa sinia ili moto usizimike, na huko ndani wanagonga chuma.