Mmeshamlisha Zaina?

Jumatatu, 7 Julai

Maharage bado. Debe zima sijalichagua. Ukungu haujainuka tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi. Punje mbovu naijua kwa kucha tu. Inabonyea.

Rehema kanionyesha tena hii simu. Bonyeza hapo, mama, sema, yenyewe inaandika na siku inaweka. Mkamwana wangu huyu ana subira. Mimi hata jina langu siwezi kuliandika. Kanambia unaongea peke yako kutwa, bora uongee na kitu. Haya. Inasikiliza, haijibu. Kama marehemu mume wangu.

Nilikuwa nasema nini? Maharage. Haya ya madoa mekundu ni ya Zaina, mwanangu wa mwisho. Aliyatoa Mlalo, gulioni, akayafunga kwenye ncha ya khanga kama pesa. Akapanda msimu mmoja tu. Akafa. Mimi ndiyo napanda mpaka leo, navuna, nabakiza. Ya Zaina hayaingii chunguni kabla mbegu haijatengwa, hiyo Rehema anaijua. Hakuacha mtoto yule. Aliacha maharage.

Watu wa panya wamekuja. Wa maabara, kule chini, mbali, ukishapita Mombo bado unakwenda tu. Wanatega panya shambani kwangu bondeni. Wanataka mkojo wake, wanataka figo yake. Mtego wa bati, ndani wanaweka siagi ya karanga. Siagi ya karanga! Panya! Mimi niliionja siku ya harusi ya mwanangu Shabani, basi. Nikamwambia dokta wao, ningejua ningeingia mtegoni mwenyewe. Akacheka mpaka akashika mti.

Anaitwa Neema. Binti wa watu. Shikamoo yake inatoka moyoni, si hizi za kutupa kama ganda la ndizi. Nimempenda. Halafu nikaumia. Umri ndiyo ule ule wa mwanangu.

Jumanne, 8 Julai

Homa ya mgunda. Neema kasema ndiyo jina lake siku hizi, hata redioni wanalitaja. Nikakasirika. Mghunda kwetu ni shamba. Homa ya shamba! Shamba limewalisha, leo mnalibandika jina la ugonjwa. Akasema mama, ni kwa sababu inakaa huko, kwenye maji. Panya anakojoa mferejini, mtu ana mchubuko mguuni, mdudu anaingia.

Nilikuwa namwona Zaina na miguu mitupu ndani ya mfereji, anazibua maji yafike kwenye kabichi. Anaimba. Sauti ya bata. Nimeimiss hiyo sauti ya bata, kama wanavyosema vijana.

Ilianza homa. Kiuno. Mapaja hayagusiki. Tukasema malaria. Macho yakawa manjano kama ndizi mbivu. Watu wakasema karogwa, wengine wakamtaja mpaka mrogaji, jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Hospitali wakamtoa damu, wakasema inakwenda mbali kupimwa. Majibu yamerudi arobaini imeshapita, kumbe ni homa hii. Na yule jirani tulishaacha kusalimiana.

Sasa tunasalimiana. Lakini si kama zamani.

Jumatano, 9 Julai

Sijui nianzie wapi.

Neema alikuwa uani kwangu, anakusanya mitego. Simu yake ikalia. Wenzake wa maabara. Mimi napepeta. Mara namsikia:

"Mmeshamlisha Zaina?"

Ungo ukanitoka. Maharage yote chini.

"Mlisheni leo, msingoje Ijumaa. Juzi alikuwa amedhoofu."

Nikamuuliza, Zaina yupi?

Akageuka. Alivyoniona uso akakata simu. Mimi hapa kila mtu ananiita Mama Shabani, ndiyo wa kwanza wangu. Zaina nilimtaja kwake "mwanangu", jina sikulitaja. Jina lake silitaji ovyo. Yule binti wala hakujua yuko kwenye uwanja wa nani.

Nilipomwambia ndiyo jina la mwanangu, akakaa chini, juu ya maharage yale yale. Akanieleza polepole. Ile damu ya hospitali ilifika kwao. Wakaiweka kwenye chakula cha wadudu wa maabara, wakamwotesha mdudu aliyekuwemo. Ana namba yake. Lakini namba ndefu, wamechoka kuisema, wakawa wanamwita kwa jina la mwenye damu. Wanamlisha kila wiki. Akaniomba radhi, macho yamejaa maji. "Haikutakiwa tuseme hivyo, mama. Tumezoea vibaya. Ni mbegu tu, tunaitunza."

Mbegu.

Nikasema, hai?

Akasema ndiyo, mama. Hai.

Alhamisi, 10 Julai

Shambani sikwenda. Nimekaa jikoni. Moto umezimika mbele yangu nauangalia.

Zaina kaacha mbegu. Mimi hapa natunza yake, watu kule wanatunza yake. Hakuna aliyeniambia.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha kitu kikitoka kwenye mwili wa mtu unakifukia. Nywele, kucha. Hata kitovu cha Zaina nilikifukia mwenyewe, pale kwenye mgomba wa nyuma. Sasa damu yake imebaki ugenini inalishwa na watu baki? Sitaki. Namtaka nyumbani. Hata kidogo. Hata tone.

Nimemwambia Shabani. Kang'aka.

"Mama, yule ni mdudu! Ndiye aliyemuua! Unamfuata muuaji umpe pole?"

Nikamwambia katoka kwa nani? Si katoka kwa mdogo wako?

"Hata choo kinatoka kwa mtu, mama!"

Rehema akatoka nje, khanga mdomoni. Nilimwona mabega yanavyotikisika. Shabani leo chai atajipikia.

Ijumaa, 11 Julai

Neema kaja kuaga, wanahamia kitongoji cha juu na mitego yao. Nikamwambia nataka kumwona Zaina. Akasema lazima amuulize mkubwa wake. Si kila mtu anaingia mle.

Mimi si kila mtu.

Jumapili, 13 Julai

Hakuna jibu. Maharage nimemaliza kuchagua, nikayamwaga nikachagua tena.

Nimenunua bafta pale mjini Lushoto. Nyeupe, kipande cha kukunjia kitu kidogo. Mwenye duka akaniuliza, bibi, nani kafariki? Nikamwambia pima kitambaa wewe.

Usiku wa leo namtamani mwanangu kama mtu anavyotamani chumvi. Si kwa kulia. Ulimi tu unajua kuna kitu hakipo.

Jumanne, 15 Julai

Mkubwa kakubali! Nitashuka na gari lao keshokutwa. Kuona tu, mama, Neema kasema. Nikaitika kuona tu. Bafta iko kwenye mkoba, chini ya maharage. Nitawapelekea maharage kidogo, huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu.

Shabani kanipa koti lake. Nikampikia chai.

Alhamisi, 17 Julai

Kule chini joto. Milima ikaisha nyuma yetu, nikawa nageuka geuka kama kuku. Nimelala kwa Neema. Kuna feni. Siipendi, inaniangalia.

Kesho.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi. Jana sikuweza kusema na simu. Nasema leo, mpaka niishe.

Maabara yenyewe nyumba ya kawaida, nje kuna mipapai. Ndani wanakuvalisha. Koti jeupe, viatu vyao, mipira mikononi. Nikasema mnanivalisha kama maiti. Wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Anayelisha wadudu ni baba mmoja mwembamba, mvi zimeanza, Bwana Elia. Hata mtoto mchanga hashikwi vile anavyoshika vichupa. Kaniamkia, kapiga goti kidogo kama mtu wa kwetu. Akanionyesha Zaina.

Maji.

Maji tu, mama yangu! Kichupa, ndani maji, yana ukungu kidogo ukiyaweka kwenye taa. Kama ule wa asubuhi bondeni. Nilitoka kote huko kuja kuangalia maji. Neema akanivutia kiti, nikakaa.

Bwana Elia akasema subiri. Akatoa tone, akaliweka kwenye ile mashine ya kukuza. Weka jicho. Nikaweka. Naona majani meusi. Akasema hizo ni kope zako, mama, fumbua. Nikafumbua.

Giza. Ndani ya giza nyuzi. Nyembamba sana, zinang'aa, ncha zimepinda kama ndoana. Zinajizungusha. Hazitulii. Zinakwenda, zinarudi, zinazunguka pale pale. Zaina hakuwa anakaa. Hata kula alikula amesimama. Nikasema, huyo. Nikasema kwa sauti, huyo mwanangu, nikamsalimu kwa kilugha chetu, onga mwanangu, hujambo.

Halafu akili ikanirudi. Si yeye. Hawa ndio walioingia mguuni. Hawa walimla ini mpaka macho yakawa ya manjano. Nimewasalimia. Nikawachukia, nikawachukia, na jicho silitoi. Nilitaka kuivunja ile mashine na nilitaka kubaki hapo hapo mpaka nife. Vyote viwili. Sijui kama simu inaandika kitu kama hicho.

Nikatoa bafta. Nikaiweka mezani. Nikawaambia, nimekuja kumchukua.

Hakuna aliyecheka. Neema akaangalia chini. Bwana Elia akavua mipira, akanawa, akaja kukaa karibu yangu. Akasema:

"Mama, huyu hatoki humu. Akitoka ataingia kwenye mguu wa mtoto wa mwenzio."

Nikamwambia basi muueni! Mnamlishia nini? Muuaji analishwa kila wiki kama bwana harusi?

Akaenda kuleta kioo kingine chenye tone, akakitia kwenye mashine. Akasema asubuhi ile wamepokea maji ya damu, yale yanayojitenga damu ikiganda, ya mama mmoja, kutoka milima yetu huko huko, ana homa, kiuno kinamuua, watoto wadogo watatu. Hawajui ni homa gani. Wakachukua yale maji ya damu, wakayachanganya na Zaina, wakangoja. Angalia sasa.

Nikaangalia. Nyuzi zimesimama. Zimeshikana mafungu mafungu, kama nywele zilizokwama kwenye kitana. Pembeni moja moja inajitingisha tu, imeshikwa mkia.

"Damu ya yule mama inamjua," Bwana Elia akasema. "Imeshakutana naye. Ndiyo imemkamata hivyo. Nimeshampigia daktari wake. Tuna wadudu wa mataifa mengine kwenye rafu hii, damu ile haikumkamata hata mmoja vizuri. Imemkamata huyu wa kwenu."

Nikauliza, na msingemlisha?

Akasema wangeendelea kubahatisha malaria.

Neema akaniletea chai, ikapoa. Nilikuwa nawafikiria wale watoto. Kuna mtu pengine ameanza kumtafuta mrogaji wao.

Niseme wazi, yule mdudu sikumsamehe. Na Zaina hakurudi, sijadanganyika, mimi si mtoto. Lakini bafta nimeikunja. Nikairudisha mkobani.

Nikamwambia Bwana Elia unamlisha nini? Akanionyesha chupa ya chakula, rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji. Akatoa tone kutoka kichupa cha zamani akatia kwenye kipya, hivi, polepole, mdomo ameubana. Cha zamani kinachemshwa mpaka wote wafe. Kila wiki? Kila wiki. Na ukiumwa? Namwachia mwenzangu. Na ukistaafu? Akacheka. "Nitamfundisha mwingine, mama. Nyie mbegu ya maharage mnafanyaje?"

Nikampa maharage. Nikamwambia haya nayo ni ya Zaina. Usiyale yote. Bakiza.

Neema akasema kuanzia sasa watasema namba, hawatalitaja jina. Wameona haifai.

Nikamwambia semeni Zaina. Wa kumtaja tumebaki wachache.

Jumapili, 20 Julai

Shabani kaniuliza, umemwona? Nikasema nimemwona. Yukoje? Nikasema hatulii.

Akakaa jikoni na mimi mpaka chungu kikaiva. Akaniuliza unakumbuka alivyokuwa anaimba? Tukacheka sote wawili, halafu yeye akatoka nje kutafuta kuni, na kuni zipo.

Jumatano, 23 Julai

Nimevuka mto. Nimekwenda kwa jirani yangu na maharage ya Zaina kwenye kikapu. Hatukulizungumza lile. Tumezungumza baridi. Alinipa sukari guru na akanisindikiza mpaka darajani, miaka hajanisindikiza.

Rehema nimemwambia hakuna wa nyumba hii kuingia mferejini bila buti. Buti ziko wapi, mama? Zitanunuliwa.

Ijumaa, 25 Julai

Ukungu umeinuka mapema. Nimepepeta majivu, nikayachanganya na mbegu, ili fukusi asiziguse. Kile kipande cha bafta nimefungia mdomo wa debe. Kimetosha kabisa, kama nilipimiwa.

Halafu nikakumbuka leo Ijumaa, siku yake ya kulishwa. Nikamwambia Rehema nipigie Neema. Akapokea huku makelele ya vyombo. Shikamoo, mama. Marahaba. Nikamuuliza.

Akasema ndiyo, mama. Ameshakula.

Debe nimelisukuma chini ya kitanda. Jua limefika uani, nimetoka kuliota.